Mikono Miwili Juu, Kilometa ya Kumi na Tisa

Treni ilisimama kwa ajili ya kinyonga.

Mabehewa manne ya kioo yalikuwa yakipanda kutoka Same kuelekea Shengena, yakielea unene wa kidole juu ya reli za sumaku, bila moshi wala dereva. Yakapunguza mwendo polepole mno, hata chai haikucheza vikombeni, yakatulia. Sauti ya mama mtu mzima, iliyotiwa lafudhi kidogo ya Kipare ili wageni wajione wamefika, ikatangaza kwamba mita mia tatu mbele kinyonga anavuka reli ya kushoto, na abiria wanaombwa wamvumilie. Kwenye kioo cha mbele akaonekana amekuzwa, mkubwa kama mlango, mguu mmoja hewani, kana kwamba bado anajishauri.

Wanachama hamsini wa Chama cha Wapenda Reli wakapiga makofi. Mhandisi Gervazi Kahatano, mgeni wao wa heshima, akasimama katikati ya viti kuwaeleza. Hiyo ndiyo kazi ya jicho-njia, alisema. Ni macho madogo mia mbili yaliyopachikwa usoni mwa treni, nayo hupeleka kila yanachokiona kwenye bongo-mashine, ambayo hukitafutia jina: jiwe, mbuzi, mtu, tawi. Ikishapata jina, huamua. Katika miaka kumi haijakosea hata mara moja. Akaongeza kwamba waliokosea ni watu.

Nakunda hakupiga makofi. Alikuwa mjane wa miaka sitini na mbili, katibu wa chama kile, ameketi dirishani na daftari mapajani. Akaandika kilometa, saa, na neno kinyonga. Kisha akaomba moyoni, kama alivyoomba kila asubuhi kwa miaka saba, kwamba Mungu amtie mtu huyu mikononi mwake kwa saa moja tu, halafu amchukue mwenyewe afanye naye apendavyo.

Maana mtu aliyesemwa kuwa alikosea alikuwa mumewe.

Sifaeli Mbwambo alikuwa mtu wa gengi, mlinzi wa njia, enzi ambazo reli ile bado ilikaguliwa kwa miguu. Miaka tisa iliyopita, asubuhi ya mvua kubwa, mlima ulimeguka nyuma ya kona ya kilometa ya kumi na tisa ukaondoka na reli, mahali ambapo jicho-njia lisingeona mpaka limeshafika. Sifaeli akakimbia kuteremka mlima mita mia sita. Akasimama kando ya njia, mahali anaposimama mlinzi, akanyoosha mikono miwili juu ya kichwa, viganja wazi. Hiyo ndiyo ishara ya kusimamisha treni tangu zama za makaa ya mawe. Mtu wa gengi hujifunza hiyo kabla hajapewa hata nyundo.

Treni ilimwona. Ikampigia honi mbili fupi za uchangamfu, kama inavyowapigia watoto wanaoipungia, ikampita. Watu sita walikufa.

Mbele ya tume ya uchunguzi Mhandisi Kahatano aliapa kwamba mashine yake inaijua ishara ya mikono miwili, na kwamba kama mtu angeinua mikono, ingesimama. Picha za jicho-njia za asubuhi ile zikasemwa zimeharibiwa na maji. Basi ikaandikwa kwamba mlinzi alikuwa amelala. Watu wa gengi wote wakafukuzwa, na kazi yao wakapewa siafu-chuma, vidude vinavyotambaa juu ya reli vikinusa nyufa usiku na mchana. Sifaeli aliishi miaka miwili zaidi. Watu walivuka upande wa pili wa barabara wasije wakamsalimia. Alipozikwa, kengele ya kanisa haikupigwa.

"Nilinyoosha mpaka mabega yakaniuma, Nakunda," alimwambia mkewe wiki ya mwisho, si mara moja wala mbili. "Ikanipigia honi kama mtoto."

Nakunda alimwamini. Mwaka uliofuata akahamia Moshi, akajiunga na wapenda reli kwa jina la Mama Eliona, Eliona likiwa jina la binti yake. Akajifunza kila behewa na kila daraja, akapanda treni ile mara nne kila mwaka, akihesabu dirishani. Mtoto akipunga mkono mmoja, honi mbili. Akipunga miwili, honi mbili. Daftari lilijaa. Lakini daftari la mjane wa mlinzi aliyelala lingesomwa na nani? Alichohitaji ni mdomo wa yule aliyeapa.

Karibu naye, kama kila safari, aliketi Mzee Abineri, fundi saa mstaafu mwenye kamera shingoni. Binti yake Nietiwe alikuwa mmoja wa wale sita. Nakunda alifungua chombo chake cha makande, akampakulia, wakala. Treni ilipoanza tena kupanda na miti ya msitu ikaja hadi kwenye vioo, mzee akaangalia nje, akasema kile alichokuwa akikisema kila mwaka wakifika sehemu zile.

"Yule mlinzi, Mama Eliona, namwombea asipate usingizi huko aliko. Alishalala vya kutosha."

Nakunda akamwongezea makande.

Wapenda reli wana desturi yao moja, nayo huitwa mpito wa picha. Treni husimama mahali penye mandhari nzuri, abiria wote huteremka na kujipanga kilimani na kamera zao. Treni tupu hurudi nyuma kilometa nzima, kisha huja kwa kasi na kuwapita, wapate kuipiga picha ikiwa mbioni. Ratiba ya safari huandikwa na katibu. Na katibu alikuwa ameandika mpito wa picha ufanyike kilometa ya kumi na tisa, chini ya kona, kwa sababu, alivyowaeleza wenzake, maporomoko ya maji yanaonekana vizuri kutoka pale.

Mhandisi aliposhuka na kuona namba kwenye nguzo, alionekana kutopendezwa. Akauliza kama hapakuwa na mahali pengine. Akajibiwa kwamba hapo ndipo palipo na mwanga mzuri saa nne za asubuhi, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Treni ilipokwisha rudi nyuma, Nakunda akamsogelea, watu wote wakisikia.

"Mhandisi, hivi bado inaijua ile ishara ya mikono miwili?"

"Inaijua, mama. Iliijua tangu mwanzo."

"Basi tusimamishie. Picha ya mtu akiisimamisha treni hii kwa mikono mitupu hakuna aliyenayo."

Mtu asiyewajua wapenda reli hawezi kuelewa neno lile lilivyowaingia. Kwao picha ambayo hakuna mwingine aliyenayo ni afadhali kuliko chakula. Wakaanza kumsihi. Mhandisi akacheka, akasema kazi hiyo wangepewa vijana, yeye magoti yamechakaa. Bwana mmoja mnene aliyekuwa anafunga kamera kwenye miguu yake mitatu akamuuliza kama anamwogopa mtoto aliyemzaa mwenyewe, na kilima kizima kikaangua kicheko.

Alipoona hana pa kutokea, mhandisi alikubali. Lakini Nakunda, ambaye macho yake hayakuwa yamemwacha tangu Same, aliona mkono wake ukiingia mfuko wa koti na kutulia humo. Alijua kuna nini. Wahandisi wote wa reli ile hutembea na kizimio, kidude kidogo kama kiberiti ambacho ukikibonyeza treni husimama popote ilipo.

"Nikushikie koti, mhandisi," alisema kwa upole. "Jeusi linaharibu picha. Tumekuletea hiki."

Akamkunjulia kizibao cha rangi ya chungwa cha watu wa gengi, kilichofuliwa mpaka kikapauka, kimeshonwa kiraka begani. Mhandisi alikitazama kile kiraka. Akamtazama mama aliyekishika. Kamera hamsini zilikuwa zimeshamwelekea, na bwana mnene alikuwa anamhimiza kwamba mwanga unaondoka. Alivua koti taratibu, kama mtu anayevuliwa na askari, akalitoa. Nakunda akalikunja likiwa na kizimio chake ndani, akalikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili.

Akamwonyesha pa kusimama. Hatua mbili kutoka kwenye reli, pembeni, penye kokoto. Hakuna hatari yoyote, alimwambia. Hata yule wa zamani hakukanyagwa.

Treni ikaja. Haina ngurumo treni ile, ina mvumo tu, kama mtu anayechana kitambaa kirefu. Mhandisi aliinua mkono mmoja.

"Yote miwili, mhandisi," Nakunda alisema.

Akainua yote miwili. Wale wa karibu waliona midomo yake ikisema kitu bila sauti. Huenda alikuwa anaiomba isimame. Huenda kwa nukta chache aliamini kiapo chake mwenyewe.

Treni ikampigia honi mbili fupi za uchangamfu, ikapita. Upepo wake ukakivuta kizibao nyuma, na mhandisi akabaki ameinua mikono mbele ya reli tupu.

Mtu mmoja alicheka akidhani ni sehemu ya maonyesho. Akaacha. Kamera zikaanza kushushwa moja moja.

Nakunda hakumwuliza kitu. Alikuwa amejifunza kwamba mtu aliyekaa na uongo muda mrefu huutapika mwenyewe akiachiwa nafasi, na ndivyo ilivyokuwa. Mhandisi alieleza akiwa amesimama pale pale. Wiki ya kwanza treni ilikuwa ikisimama mara kumi na saba kwa siku, kwa sababu ya watoto wa vijiji waliokuwa wakiipungia kwa mikono miwili. Wageni wakalalamika. Akaifundisha bongo-mashine kwamba mtu aliye kando ya njia akiinua mikono, jina la kitendo hicho ni salamu. Aliwasahau watu wa gengi, maana ni wachache na hawapandi treni. Baada ya ajali angeweza kuirekebisha, ila kila rekebisho hujiandika katika kumbukumbu ya mashine, na tume ingelisoma. Akaona ni rahisi zaidi kuwaondoa watu wa gengi, ili asiwepo tena wa kuinua mikono.

"Sema jina lake," Nakunda alisema.

"Sifaeli Mbwambo."

"Alikuwa amelala?"

"Hakulala."

"Sema tena. Wenye kamera za nyuma hawajasikia."

Akasema tena. Na Nakunda akamsemesha mara ya tatu, atamke jina zima na siku na namba ya kilometa, mpaka sauti ya mhandisi ikakatika na machozi yakamtoka, na wengine pale wakaona imetosha na kugeuza nyuso. Yeye hakugeuza. Alimwangalia mpaka alipotosheka, kisha akamrudishia koti.

"Wewe ni nani wake, mama?"

"Mke wake."

Aliposema hivyo, Mzee Abineri, aliyekuwa nyuma yake, akakaa chini juu ya kokoto. Kamera ilimwangukia mapajani. Akasema, kama anayeongea na mikono yake.

"Mimi ndiye niliyekwenda kwa mchungaji. Nilimwambia wakipiga kengele ya yule mtu, nitaikata kamba yake."

"Najua."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku uliyokwenda."

"Miaka sita umekula na mimi." Aliinua macho. "Kwa nini hukuniambia? Ningekuamini, Mama Eliona. Wewe ningekuamini."

Nakunda alikuwa na jibu lake, alilitunza miaka yote hiyo: kwamba alikaa karibu naye ili awe karibu siku atakapojua, aone mwenyewe atakavyovunjika. Alilisema. Lilitoka sawasawa, neno kwa neno kama alivyolipanga, na mzee akalipokea bila kujitetea. Ila kulikuwa na lile alilolisema mzee, kwamba angemwamini, na hilo Nakunda hakuwa amelipanga. Miaka sita mtu huyu alikuwa akimlaani asiye na kosa, na aliyekuwa na ukweli alikuwa akimpakulia makande.

Treni ilirudi, milango ikafunguka. Watu walipanda mmoja mmoja. Mhandisi alipanda behewa la mwisho, peke yake, na hakuna aliyekaa karibu naye. Nakunda akakaa dirishani pake, akafungua daftari, hakuona cha kuandika.

"Katibu," ile sauti ya treni ikasema kwa adabu, "abiria mmoja hajapanda. Tumwache au tumsubiri?"

Kupitia kioo alimwona Mzee Abineri akijaribu kuinuka kutoka kwenye kokoto, akashindwa, akajaribu tena.

"Subiri," Nakunda alisema.

Lakini hakushuka kumshika mkono.