Mafuta ya Papa Mweusi

Mtaniona mwehu, lakini nitasema. Mimi papa mweusi simgusi, simli, na jina lake sitaki kulisikia nyumbani kwangu.

Desemba huku kwetu Norwe giza huingia saa tisa alasiri. Siku ile nilibeba birika la kahawa na chapati za viazi, nikashuka kumpelekea mume wangu Arnfinn kwenye banda la mashua. Gatini nilimkuta jirani yetu Oluf akikunja nyavu.

"Mama Eilev, mzee wako kaoa papa siku hizi? Nyumbani analala lini?"

"Mwache, Oluf. Mwenzio ana msiba."

Eilev, mwanetu wa pekee, alizama mwaka uliopita katikati ya ghuba yetu nyembamba, penye kina cha mita mia nne. Hakuonekana tena. Kwetu mahali kama pale hapavuliwi, lakini Arnfinn alivua palepale. Bibi yake alimwambia zamani kwamba aliyezama huitwa kwa taa, na mafuta ya taa hiyo yatoke alikolala. Huko chini mwenye mafuta ni papa mweusi, kisamaki cha urefu wa mkono wangu. Ini lake limejaa mafuta, ndiyo yanayomwezesha kuelea bila kujichosha.

Nilisukuma mlango. Harufu ya ini lililochemshwa ikanipokea. Mezani walilala papa sita waliopasuliwa, macho yao makubwa ya kijani yakinikodolea. Mmoja alikuwa na mimba, watoto wanane, kila mmoja na kifuko chake cha kiini cha yai. Taa iliwaka dirishani... mwanga wa samawati.

"Funga mlango," Arnfinn alinong'ona. "Kaja."

"Nani kaja?"

Alikaa kando yake kwenye benchi. Eilev! Sweta nililomfuma kwa mikono yangu lilikuwa likichuruzika maji. Furaha iliyonipata siwezi kuieleza. Nilikwisha kunyoosha mikono nimkumbatie, ndipo macho yangu yakaangukia ukuta nyuma yake...

Hakuwa na kivuli.

Nikatafuta cha Arnfinn. Nacho hakikuwepo.

Nikakumbuka alichowahi kunionyesha Eilev akiwa hai. Tumbo la papa huyu hutoa mwanga hafifu, sawasawa na ule unaoshuka kutoka juu, ili aliye chini asikione kivuli chake. Mgongo nao ni mweusi, kwa hiyo aliye juu hamwoni pia. "Anajificha ndani ya mwanga, Mama," alisema akicheka. "Halafu anakula."

"Mama..." kiliita kile kilichokaa kwenye benchi. Kikatabasamu. Meno yake ya chini yalikuwa yameshikana safu moja, kama msumeno.

"Arnfinn, huyu si mtoto wetu."

"Najua." Machozi yalimtiririka mashavuni. "Lakini anaita vilevile... Usizime taa, mke wangu, nakuomba. Ikizimika atarudi majini."

"Na wewe je?"

Kiganja cha Arnfinn kilikuwa ndani ya kiganja cha kile kitu, na kilishikwa barabara.

Nilipuliza.

Giza totoro. Kisha nikaona tumbo la sweta liking'aa samawati, likisogea polepole kuelekea mlango wa majini. Nyuma yake ukafuata mwanga wa pili, hafifu zaidi, wenye kimo cha mume wangu...

Chubwi.

Chubwi.

Asubuhi polisi aliandika kwamba Arnfinn aliteleza. Chini ya benchi aliokota safu nzima ya meno yaliyoshikana, akaniambia nisiogope, papa hawa huangusha meno ya chini yote kwa pamoja. Ni kweli, hata mimi nalijua hilo. Ila kinywa cha papa yule hakimezi hata yai la kuku, na safu ile niliipima kwenye kidevu changu, ikakienea.

Oluf hunifariji kwamba niliokoa roho yangu. Mimi humwitikia tu. Mume wangu aliniomba jambo moja maishani akilia, na mimi sikulifanya.

Chupa ya mafuta aliyoyachemsha Arnfinn bado ina nusu. Nikiiwasha taa najua watakaokuja, na najua si wao.

Leo nimekata utambi mpya.