Mikono ya Mama Pacha

Mama Pacha alikaa kitandani akimtazama wifi yake akiwasuka binti zake wawili. Zamani kazi hiyo ilikuwa yake. Lakini tangu wahamie ugenini na apate kibarua cha kufua mashuka ya hoteli, dawa ya madoa ilikuwa imembabua vidole. Hata kushika chanuo kulimtoa machozi.

"Chai iko wapi?" wifi alimtania. "Fundi hasuki kwa njaa."

"Chai ipo. Sukari ndiyo uniombee."

Mara mtu akabisha hodi. Alikuwa mtafiti, waliyempachika jina la Dada Daftari. Mwaka uliopita alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza wahamiaji wenye vibarua visivyo na uhakika: Mnapataje kazi? Mnaumia? Mnatibiwa wapi?

"He! Umerudi?" wifi alishangaa. "Tulidhani umebeba maneno yetu ukatokomea."

"Nimeyarudisha, dada. Nitayapeleka kwa wakubwa wanaotunga kanuni za kazi. Lakini kwanza myasikie wenyewe. Saa nane, pale shuleni."

Saa nane madobi walijibana kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia videvu. Mtafiti alisoma taratibu, kwa lugha waliyoielewa. Mama Pacha aliitikia kwa kichwa. Kweli, kila asubuhi wanasimama getini wakisubiri kuchaguliwa. Kweli, hawana mkataba.

Kisha mtafiti akasoma: "Niliwauliza madobi thelathini na wawili. Wote walisema hawajawahi kuumia kazini. Kwa hiyo, katika ombi langu kwa wakubwa, kwamba vibarua wapewe glavu na matibabu, madobi hawamo."

Kila mmoja akaficha mikono yake.

Mama Pacha alikumbuka. Mwaka ule walikubaliana wote, pale kwenye kamba za kuanikia, waseme hawaumii. Waliogopa, kwa sababu dobi akijulikana ana vidonda, kesho haitwi. Sasa uongo wao unawanyima glavu. Akinyamaza leo, atabaki na mikono hiyo hiyo.

Akasimama.

"Dada, humo umeandika majina yetu?"

"Hapana. Jina la mtu halimo, wala la hoteli. Wakubwa hawatajua nani kasema nini. Na kama nimekosea, niambieni nirekebishe. Ndiyo maana nimerudi."

Mama Pacha akaitoa mikono chini ya mtandio, akainyoosha mbele ya wote. Kucha mbili zilikuwa zimeng'oka.

"Basi umekosea. Lakini kosa si lako. Tulikudanganya."

"Na mwongo wa pili huyu hapa!" wifi akapaza sauti. Naye alikuwa dobi, ila yeye dawa ilimbabua viganja, si vidole.

Watu wakaangua kicheko. Mkono mwingine ukainuka, na mwingine, hadi kila dobi akawa ameonyesha yake.

Mtafiti aliifuta sentensi ile palepale. Akaandika upya, akawasomea. Mzee mmoja wa kupiga pasi akasema, "Ongeza na mvuke, mwanangu, unatuunguza." Akaongeza, akasoma tena, mpaka wote wakasema sawa.

Miezi ikapita. Siku moja mkaguzi wa kazi alifika kwenye chumba cha kufulia akiwa na kanuni mpya. Kila dobi apewe glavu, hata wa kibarua. Anayeumia atibiwe, na asiondolewe kazini kwa kuumia. Msimamizi alisoma karatasi mara mbili, akaenda kufungua boksi la glavu.

Dada Daftari alipopita tena mtaani, Mama Pacha alimkaribisha chai. Safari hii sukari ilikuwepo.

"Asante, dada. Walikuja wengi kutuuliza. Wewe ulirudi kutusomea."

"Asanteni ninyi. Bila mikono yenu ningepeleka uongo."

Mama Pacha akacheka, akachukua chanuo, akamvuta binti mmoja katikati ya magoti yake.

"Mama, unavuta! Shangazi havuti hivyo!"

"Tulia," alisema, akigawa nywele kwa vidole vilivyopona. "Nilikosa kuzishika nywele hizi zaidi ya mwaka."