Kaka na Dada wa Kiota Kimoja

Ingunn alikuwa amechoka mpaka kope zilimwia nzito. Miaka mitatu alikodolea macho, kwenye kompyuta, picha za mabawa ya nyuki-bambi, wale wanene wenye manyoya, akitia nukta kila mishipa ilipokutana, apime, ajue nani ndugu wa nani. Na leo, katika msukumano wa stesheni ya Trondheim, tasnifu ikiwa mkobani, koti lake jekundu likalowa kahawa ya mtu.

"Samahani, da... Ingunn!"

Sindre, mpenzi wake! Kavaa sweta ileile ya sufu ambayo Ingunn alimfumia, ndevu timtim. Miezi miwili hapokei simu zake.

"Ehe, mwenye simu ya mapambo! Huyo mchumba mpya hajambo?"

"Mchumba gani, mpenzi? Sina mtu."

"Mpenzi mwambie huyo huyo. Mimi nawahi treni. Kesho watahini wa Oslo watasikia kwamba nyuki wa Oppdal ni koo mbili."

Sindre akasimama mbele yake. "Si koo mbili."

"Wivu huo!"

"Nisikilize. Nani alikata yale mabawa akayabandika kwenye kadi? Mimi. Siku ya mwisho nilikuwa hoi, madume nikayaandika majike. Nikaja kugundua nilipoiona miili iliyobaki. Kila ulipopiga, niliitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza. Ningekwambiaje?"

Ingunn akaketi juu ya sanduku lake la safari. Alikuwa akipima majike peke yao, maana bawa la dume lina umbo jingine. Kumbe zile koo mbili, fahari yake yote, ni kaka na dada. Hasira ilimpanda, ikaishia njiani kwa uchovu. Alichosikia zaidi, akajionea haya, ni nafuu: hakukuwa na mwanamke mwingine.

"Mabawa mangapi?"

"Mia nne na kumi na mawili."

"Mjinga wee! Nimelia miezi miwili kwa ajili ya nyuki?"

"Nitukane utakavyo, ila usinyamaze."

Treni ikaondoka bila yeye. Ingunn akampigia msimamizi wake.

"Profesa, kesho siji. Vipimo vina kosa. Naanza upya."

Sauti kavu ikauliza: "Kosa la nani?"

Ingunn akamtazama Sindre, macho yamemwiva mekundu, kikombe kitupu mkononi.

"Letu, Profesa."

Akakata simu, akamtupia mkoba.

"Beba. Nukta utatia wewe. Mimi naenda kulala."