Vidole Kwenye Pazia

Nyumba ile ilikuwa na utulivu wake, ndugu zangu. Asubuhi jua lilianza kuingia chumba cha uani, kile kidogo chenye dirisha moja, na humo ungemkuta Mama amekaa kitandani akikunja nguo na kuimba kwa sauti ya chini. Chumba hicho ndicho kilichojengwa kwanza. Yeye na marehemu mumewe walianzia maisha humo na godoro moja na jiko moja, vyumba vingine vikafuata kadiri watoto walivyozaliwa. Alipofiwa na mumewe alirudi kulala humo. Vyumba vikubwa alivifungua tu vipate hewa.

Siku moja aliteleza bafuni, mguu ukavimba. Hakuvunjika popote, lakini watoto wake watatu waliingiwa na hofu. Kaka mkubwa, anayefanya kazi mbali, alipiga simu kwa Dada. Dada akampigia mdogo wao, kitinda mimba. Wakakubaliana nyumba iuzwe na Mama akaishi kwa Dada, ghorofani. Nia yao haikuwa mbaya, naomba niliseme hilo mapema. Walitaka awe karibu na mtu. Ila aliyepigiwa simu mwisho alikuwa Mama mwenyewe, na alipigiwa kuarifiwa, si kuulizwa.

"Mkiona hivyo ni sawa, wanangu," alisema.

Mzazi akikujibu hivyo, usikimbilie kufurahi.

Yule kitinda mimba alikuwa dalali wa nyumba. Watu walimwita Chapuchapu, kwa sababu alikula haraka, alitembea haraka, na ukimsalimia alikuwa ameshakupita. Kazi yake aliijua. Kwa simu tu ya mkononi alipiga video ya nyumba, akaikata na kuiunganisha, na mtu aliye mbali akaitembelea nyumba nzima bila kuinuka kitini. Basi kuiuza nyumba ya Mama kukawa kazi yake.

Siku ya kupiga video Mama alivaa gauni lake la kutokea, akajipaka mafuta. Alitangulia mbele ya mwanawe akifungua milango.

"Mama, sogea kidogo, unaingia kwenye picha."

"Nisogee niende wapi? Humu si kwangu?"

Wakacheka wote wawili. Sebuleni mwanga ulikuwa hafifu, Mama akasimama kando ya dirisha akalishika pazia juu, mkono umenyooka, ili mwanawe apate picha nzuri. Alisimama hivyo mpaka mwanawe akamaliza.

Walipofika chumba cha uani, Chapuchapu aliiweka simu kwenye stendi yake, ile inayozunguka polepole yenyewe.

"Hiyo simu inasikia?" Mama akauliza.

"Inasikia kila kitu, Mama."

"Na kaka yako ataiona hii video?"

"Ataiona. Na Dada, na atakayenunua. Wote."

"Haya. Nenda basi ukaanue zile nguo, zisikuharibie picha ya ua."

Akatoka. Aliporudi na nguo mabegani alimkuta Mama anajifuta uso kwa mkono wa gauni. "Vumbi," Mama akasema. Chapuchapu akachukua simu, huyo akaondoka.

Siku iliyofuata alikaa mezani kwake kuhariri. Alikuwa na desturi: kabla ya yote alizima sauti ya vipande vyote. Nyumba zina kelele zake, mbwa wanabweka, masufuria yanagongana, jirani anagombana na mumewe. Mnunuzi hataki hayo. Akatandika muziki laini juu. Akaongeza mwanga, akanyoosha kuta zilizopinda. Kisha akaanza kumtoa Mama. Pale mlangoni alimkata. Kwenye korido alipunguza ukingo wa picha mpaka bega lake likapotea. Fimbo yake ya kutembelea iliyoegemezwa ukutani aliifuta kwa kidole. Alifanya kwa ustadi, kama anavyotoa ndoo au kandambili.

Kipande cha chumba cha uani kilimsimamisha kidogo. Mama alikuwa amesimama mbele ya simu, mikono ameikutanisha, midomo inacheza. Anaimba, Chapuchapu akawaza, kama kawaida yake. Kidole kilikwenda kwenye alama ya sauti ili aifungue. Ndipo mteja akapiga simu, akazungumza naye, na aliporudi kwenye kazi alikata kipande kizima na kuendelea. Jioni simu ikamwambia nafasi imejaa. Akafuta vipande vyote vya asili, akabaki na video moja safi.

Ilipendwa sana. Nyumba ilipata mnunuzi upesi, mama mmoja mwoka mikate aliyekuwa akitafuta mahali pa kuishi na kufanyia kazi.

Katika siku zile za kufunga mizigo, Mama alimuuliza mwanawe mara moja tu: "Video ilimfikia kaka yako?"

"Ilimfikia, Mama. Kaipenda mno."

"Hakusema neno?"

"Alisema ni safi kabisa."

Mama akaitikia kwa kichwa, akarudi kufunga vikombe kwenye magazeti.

Kwa Dada, Mama hakukosa kitu. Dada alimpa chumba chenye upepo, akamtandikia shuka mpya, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alimsugua ule mguu kwa maji ya moto. Mkwe naye alikuwa akimletea redio chumbani bila kuombwa. Lakini ngazi zilikuwa nyingi, mguu ukazikataa, na Mama akawa hashuki tena chini. Kuimba kuliisha kwanza. Utani ukafuata. Chakula akawa anakigusa tu.

"Njoo umwone mama yako," Dada alimwambia mdogo wake. "Mimi ananijibu 'nimeshiba' tu."

Chapuchapu akaja. Kwa kuwa hakujua la kusema, alitoa simu akamwonyesha video za nyumba alizozipiga karibuni. Mama akatazama ya kwanza, akatazama ya pili.

"Mbona humu hamna watu?"

"Huwa nawatoa, Mama. Mnunuzi anataka nyumba, hataki watu."

Mama akamrudishia simu. "Na mimi ulinitoa?"

"Mama, ile ilikuwa..."

"Na yale niliyosema?"

"Uliyosema wapi?"

"Chumba cha uani. Si uliniambia simu inasikia? Niliona aibu kuwaambia nyinyi usoni, mngeona nawakatalia. Nikaiambia simu. Nikasema: wanangu, na wewe utakayenunua, nyumba uzeni, mimi sina kinyongo. Niachieni hiki kichumba tu. Nitafagia ua, sitamsumbua mtu." Alivuta shuka hadi magotini. "Hamkunijibu. Nikajua mmekataa."

Chapuchapu alishuka kitini taratibu. Mtu aliyezoea kupita kila mahali mbio alikaa pale sakafuni kama mzigo.

Kesho yake alikwenda kwa mwoka mikate. Yule mama alimkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho, unga ungali mikononi.

"Ningekubali," alisema. "Haki ya Mungu ningekubali. Niko peke yangu humu, ningepata wa kuzungumza naye. Mbona hamkuniambia?"

"Kile kichumba..."

Mwoka mikate akamshika mkono, akampeleka uani. Pale palipokuwa na dirisha moja palikuwa na tanuri la matofali, linafuka moshi. Kichumba kilikuwa kimeshabomolewa.

Alipomrudishia Mama habari, Mama alimpangusa unga mkononi. "Basi, mwanangu. Ulikuwa na kazi nyingi." Hakumlaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililomliza.

Chapuchapu alihangaika kuvirudisha vile vipande, akawapelekea mafundi wa simu, ikashindikana. Ile sauti imepotea. Imebaki video safi yenye muziki. Ukiitazama kwa makini, sebuleni, pazia linasimama juu lenyewe, na ukingoni mwake kuna vidole vinne vya mzee ambavyo mwanawe alisahau kuvifuta. Siku hizi akifika kwa Dada huzima simu yake mlangoni, akakaa. Mama huzungumza kidogo siku nyingine, siku nyingine hazungumzi. Kuimba hakujarudi.

FUNZO

Wazazi wetu tunawapenda, lakini mara nyingi tunawapangia maisha kama tunavyopanga samani. Mzee akisema "sawa", kaa naye umuulize tena, ana kwa ana, ukiwa huna haraka. Huenda kuna jambo moja dogo analolitaka, na anaona haya kulitaja. Nanyi mnaotengeneza video na picha, sikilizeni kwanza kabla ya kukata. Na sisi wazee tusiziachie simu maneno yetu. Tuwaambie watoto wetu usoni, hata sauti ikitetemeka. Kichumba cha yule mama kilikuwa kinapatikana. Aliyekinunua alikuwa tayari kukitoa. Kilichokosekana ni mtu wa kusikia.