Tata Anapiga

Tone la rangi ya samawati liliponyoka kwenye brashi, likashuka, likatua begani mwa Wangui. Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, na soko kuu la Nakuru lilikuwa limejaa watu, mikokoteni na harufu ya dania.

"Boss! Ona vile umefanyia blauzi yangu!"

Sitati, fundi wa kuandika mabango, alishuka ngazi mbiombio akiwa na kitambaa mkononi. Alimkuta msichana mweupe wa sura, aliyevaa blauzi nyeupe ya kazini na sketi nyeusi, nywele zimesukwa hadi kiunoni, na hasira zimempendeza kupita kiasi.

"Pole sana, madam. Sikukuona."

"Hukuniona? Mimi, na vile nilivyo?"

Sitati, kijana wa mtaa wa Section 58 hapo mjini, akamnyooshea kile kitambaa. Wangui alikuwa ameshainua macho kuangalia bango. KWA TATA HARDWARE.

"Shangazi gani huyu anauza misumari?"

"Shangazi? Mwenye duka ni mzee Mkisii. Kwao tata ni baba."

"Kwetu tata ni aunty. Mimi nimelelewa na tata."

"Basi ongeeni nyinyi wawili mkubaliane. Mimi naandika tu." Akachomoa simu. "Nipe namba nikuletee dawa ya kutoa hiyo rangi."

"Hiyo ndiyo style yako ya kukatia wasichana? Unawamwagia rangi kwanza?"

"Wewe ndiye wa kwanza. Nikiona inafanya kazi nitaendelea nayo."

Wangui akacheka, na namba ikatoka.

Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, kwa neno moja la herufi nne, na neno hilo likawa mchezo wao. Sitati alinunua daftari dogo. Ukurasa wa kwanza Wangui aliandika mwenyewe: *Tata, Kikuyu, shangazi. Wangu anaitwa Njoki.* Wangui alifanya kazi mapokezi katika nyumba ya wageni karibu na lango la mbuga, kwa hivyo dunia nzima ilipita mbele ya meza yake. Mgeni wa Poland alimwambia kwao tata ni baba. Mzee Mxhosa kutoka Afrika Kusini akasema baba pia. Mwingereza mmoja akampungia mkono na kumweleza kwamba watoto wa kwao husema tata wakiaga. Sitati naye alimuuliza Mkongo anayeuza vitenge, akajibiwa baba, kisha akamuuliza jirani yake Nicodemus, mwalimu mstaafu, aliyetoa miwani na kueleza kwamba kwa Kiswahili tata ni kitu kilichofungamana kikashindwa kufunguka. Nicodemus aliongeza kwamba mtoto anayejifunza kusema hutoa sauti hiyo mwenyewe, na kila jamii huipa maana ya yule inayetaka aitwe.

"Kwa nini karibu kila mahali ni baba?" Sitati aliuliza kwenye simu.

"Hata kwangu ni baba, babe. Na ni mama. Mamangu alikufa nikiwa na miaka minne. Tata ndiye alinibeba mgongoni akienda kukamua."

"Nataka kumjua."

"Utamjua. Jumapili moja hivi."

Lakini Jumapili zilikuwa zao wawili. Kila Jumapili saa saba kamili, akishatoka kanisani na kufika nyumbani, Tata Njoki alipiga simu kutoka kijiji cha Bahati kuuliza swali lake moja: unakuja lini? Na kila Jumapili Wangui aliahidi wiki ijayo. Wiki saba zilikuwa zimepita hivyo. Bahati si mbali, mtu hatoki Nakuru kwenda Bahati kwa ndege.

Jumapili ya nane walipanda Menengai kuangalia kreta. Wangui alivaa gauni jipya la kijani, pana kuanzia kiunoni, lililojaa upepo kila alipogeuka. Hakubeba mkoba.

"Nishikie simu, Sita. Sina pa kuiweka."

Sitati akaitia kwenye koti. Siku hiyo alikuwa na swali lake. Alikuwa amelifanyia mazoezi wiki nzima juu ya ngazi, mpaka wauza nyanya wakadhani anaongea na mabango. Wangui alikuwa hatua kumi mbele yake, ukingoni, akiangalia lile shimo kubwa, na Sitati alikuwa anafungua mdomo wakati simu ilipoita.

Akaitazama. Tata.

Akabonyeza, ikanyamaza. Baada ya muda ikatetemeka tena, akabonyeza. Mara ya tatu pia. Asije mtu akamtetea. Ndani ya daftari lile kulikuwa na tata wa kila aina, na Sitati alijua vizuri kwamba aliyekuwa anapiga ni wa ukurasa wa kwanza. Aliogopa tu kwamba Wangui akishika simu hiyo, atajisikia vibaya, watashuka mlima, na siku itaisha bila swali.

Na swali lenyewe halikutoka.

Saa kumi na moja Wangui alichukua simu yake. "Missed calls tatu! Hukusikia?"

"Upepo, Kui. Sijasikia kitu."

Akapiga. Alishika Kamande, jirani wa Tata. Tata ameteleza zizini saa saba akavunjika nyonga. Alipiga simu mara tatu, ikamponyoka, akalala kwenye matope, mvua ikimnyeshea, mpaka saa kumi Kamande alipopita na kumsikia akiita. Sasa wako hospitalini.

Wangui alilia njia yote ya kushuka, na Sitati alimshika mkono akijiona mwizi aliyekuja kumpa pole mwenye nyumba.

Tata alifanyiwa upasuaji, akapona polepole. Wangui akaomba likizo akahamia Bahati kumuuguza. Na Sitati? Sitati akaanza kukimbia. Akiona jina la Kui kwenye simu, aliilaza kifudifudi akaendelea kupaka rangi. Yeye aliyezima simu za watu sasa alikuwa anaogopa ya kwake.

Siku moja akashika kwa bahati mbaya.

"Siku nane, Sitati. Siku nane hushiki simu. Kama umeona mgonjwa ni mzigo, sema tu."

"Si hivyo, Kui."

"Ni vipi sasa?"

"Niko kazini. Nitakupigia."

Hakupiga. Alirudi kuandika bango la kinyozi, akakosea, akafuta, akakosea tena. Alijichukia kwa kweli.

Wiki ya tatu, akiwa juu ya ngazi palepale sokoni, alisikia sauti chini.

"Shuka."

Wangui alikuwa amevaa lile gauni la kijani. Alikuwa amekonda.

"Kui..."

"Nimesema shuka. Kama kuna mwingine, uniambie nikikuangalia."

Sitati akashuka. Mikono ilikuwa na rangi, hakujua aiweke wapi.

"Hakuna mwingine. Nilisikia simu. Zote tatu. Niliona jina nikaizima. Ule upepo nilikudanganya."

Mkokoteni wa kabeji ulipita katikati yao, mwenyewe akipiga kelele apishwe. Ulipokwisha kupita, Wangui alikuwa hajasogea.

"Ulijua ni yeye?"

"Nilijua."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kukuuliza kitu. Nikaogopa ataharibu."

Alingoja kofi. Angalilipokea kwa mikono miwili. Lakini Wangui aliteremsha mikono yake polepole kiunoni, na kila mmoja ukazama ndani ya gauni mpaka kwenye kifundo cha mkono. Ilikuwa mifuko, miwili, mirefu.

"Hii gauni nilishonewa na fundi," alisema. "Nilimwambia aweke mifuko mikubwa, simu yangu itoshee."

Sitati aliitazama ile mikono, kisha akaelewa.

"Nilijua saa saba atapiga, Sita. Sikutaka kusikia. Nikakupa wewe, ndio ikuwe ni wewe hukusikia." Machozi yakaanza. "Kila asubuhi nikimwosha nangoja aniulize. Haniulizi."

"Twende tumwambie."

"Nitamwambia nini?"

"Hivyo hivyo umeniambia."

Tata Njoki alikuwa kibarazani Bahati, kitambaa kichwani, sweta mbili, chuma cha kutembelea kando ya kiti. Walimweleza wote wawili, wakikatizana, kila mmoja akivuta kosa upande wake. Koti, mifuko, ule uongo wa upepo. Tata alisikiliza mpaka wakaishiwa.

"Nikiwa nimelala pale," akasema, "nilikuwa nawaza nyinyi ndio mmekufa huko barabarani. Hiyo iliniuma kuliko nyonga." Akamgeukia Sitati. "Na ulikuwa unataka kumuuliza nini?"

Sitati akaangalia viatu vyake.

"Basi ng'ombe hajakamuliwa. Endeni."

Mtoto wa Section 58 hajui ng'ombe anaanzia wapi. Wangui alichuchumaa akakamua, Sitati akashika ndoo. Kisha simu ikaita mfukoni mwa gauni. Wote wawili waliirukia, maziwa yakamwagika, vidole vikateleza kwenye kioo. Tata.

"Tata! Kuna nini? Umeanguka?"

"Hakuna kitu. Nilikuwa naangalia kama mtashika."

Wangui akaegemea ubavu wa ng'ombe akilia.

"Weka loudspeaker," Tata akaendelea. "Kijana, hilo swali lako lilinilaza kwa matope masaa matatu. Liulize nisikie."

Sitati akapiga magoti hapo hapo kwenye maziwa. "Kui," akasema. "Utakubali nikuoe?"

Wangui aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, machozi yakidondoka kwenye gauni la kijani.

"Sijasikia," ilisema simu. "Huku kuna upepo."

Sitati akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.