Niliulizwa Kama Nimetunga, Nikajibu Nimeona

Nina miaka arobaini na sita, sina mke, na tangu nitoke kwetu sijawahi kulala chini ya paa moja zaidi ya miaka miwili. Nimechimba madini Mererani, nimevuna tumbaku Urambo, nimechomelea mageti Kizota... Watu huniuliza kwa nini situlii. Kwa kawaida nacheka tu, nabeba begi langu. Leo nawajibu ninyi, wasomaji wenzangu, kwa sababu hamnioni usoni.

Nilikulia kijiji kimoja nje ya Dodoma, kwenye tembe la udongo. Tulikuwa watoto watatu: dada yangu Tabitha aliyenizidi miaka mitano, mimi, na Neema, kitinda mimba. Kijiji kizima kilijua Neema ni mtoto wa mama. Mama na Tabitha walikuwa wamekwenda kwa shangazi Mpwapwa wakakaa msimu mzima wa kilimo, wakarudi na kichanga mgongoni mwa mama. Nani angeuliza?

Lakini mimi niliona. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilirudi kutoka machungani kufuata maji, nikamkuta Tabitha nyuma ya kihenge cha kuhifadhia uwele, anamnyonyesha Neema. Hakushtuka. Alinishika mkono akasema taratibu, "Mdogo wangu, umeona. Sasa nakuomba usione."

Niliapa. Na kiapo hicho nilikitunza miaka mitano.

Nilipofika kidato cha pili, shati langu jeupe la shule alilinunua Tabitha, kwa kuchuma zabibu kwenye mashamba ya watu. Wakati huo alikuwa ameshachumbiwa na Samweli, fundi seremala, kijana mpole wa kijiji cha jirani. Ng'ombe wa mahari walikuwa zizini kwetu. Zilibaki wiki mbili tu afunge ndoa... Sijawahi kumsikia dada yangu akiimba kama alivyoimba siku zile akitwanga!

Ndipo mwalimu wetu wa Kiswahili akatusomea hadithi fupi ya zamani. Ilimhusu mtu aliyemwona rafiki yake akiunguza ghala la jirani. Barazani alipoulizwa, akanyamaza. Mchungaji wa ng'ombe asiye na hatia akafukuzwa kijijini, na yule aliyenyamaza akapoteza usingizi hadi akapoteza na akili. Mimi machozi yalinilenga. Mwalimu akatuagiza tuandike kurasa mbili: ungekuwa wewe, ungefanya nini? Akasema tutoe mfano katika maisha yetu wenyewe, maana anayetunga anajulikana.

Kwa nini sikuandika habari za mbuzi aliyepotea? Kwa nini sikuandika chochote kingine?

Niliandika habari za kihenge. Niliandika mkono wa dada yangu ulivyokuwa wa moto. Sikutaja jina, nikajiona mwerevu. Nikamalizia hivi: "Mimi ningesema kweli, hata mbele ya damu yangu." Nilidhani msomaji ni mwalimu peke yake.

Nikapata kumi na nane kati ya ishirini, kwa wino mwekundu. Na mwalimu, kama ilivyokuwa desturi yake, akaagiza daftari lililoshinda lizunguke, dawati hadi dawati, wengine wajifunze. Safu ya tatu alikaa Daudi, binamu yake Samweli. Nilimtazama akisoma. Akarudia mara ya pili. Mimi, mjinga, nilifurahi! Nilidhani amevutiwa na uandishi wangu.

Jumapili wakaja. Samweli, Daudi, na wazee watatu. Wakaamkiana na baba vizuri, wakaketi kwenye vigoda. Kisha mzee wao mkubwa akaniita kutoka ndani na kuniwekea mapajani daftari langu, alilokuja nalo Daudi. Alisema hawana hasira, wanajua shuleni watoto hufundishwa kubuni mambo. Walitaka kusikia tu, kwa kinywa changu.

"Mjukuu wangu, haya umeyatunga au umeyaona?"

Jamani... mlango ule ulikuwa wazi! Hata mzee mwenyewe, nikikumbuka sauti yake, alikuwa ananisukuma nipite. Mama ameketi chini, amenyoosha miguu, macho kwenye vumbi. Samweli ameinama. Tabitha amesimama mlangoni na Neema amemshika sketi. Hakuniomba hata kwa jicho. Alinitazama tu, kama mtu anayesubiri chai ipoe.

Nikaona wino mwekundu. Nikamkumbuka yule mtu wa hadithini. Nikanyoosha mgongo nikajibu, "Nimeyaona, babu."

Ng'ombe walitolewa zizini siku hiyohiyo. Baba alimfukuza Tabitha kabla jua halijazama. Neema akabaki kwa mama, analia na kumwita Tabitha. Hakuna aliyenigombeza. Heri wangenigombeza... Muhula ule haukuisha nikatoroka shule na nyumbani.

Tabitha alipata kazi ya kuponda kokoto kwenye vilima vya pembeni ya mji. Masika ya tatu ukingo wa machimbo ukaporomoka. Habari ilinifikia Mererani akiwa ameshazikwa. Nilipofika nilimkuta mtu mmoja anapanga mawe kaburini. Samweli! Nilipiga magoti nimwombe radhi. Hakuniinua. Alisema, "Mimi alikwishaniambia mwenyewe, siku ya kwanza kabisa. Wazee ndio hawakupaswa kusikia."

Wasomaji, katika hadithi ile ukimya ulimwangamiza asiye na hatia. Nyumbani kwetu ukimya ndio uliokuwa unamlinda. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikashindwa kuona tofauti hiyo. Niliitwa mkweli, kumbe nilikuwa najisifu tu.

Mwezi uliopita nilipata kibarua Msalato, nikajikaza nikaenda Area D, mjini Dodoma, ambako Neema ana genge la mboga. Ana uso wa Tabitha, hata namna ya kusimama mlangoni. Tangu anajifunza kusema aliniita kaka. Nilizunguka nchi nzima nikililia neno hilo. Siku ile alifuta mikono kwa kanga, akanisogezea kigoda kwa heshima zote.

"Shikamoo, mjomba," akasema.

Nikaketi. Alinifungia mlenda mkavu kwenye gazeti, akanitakia safari njema, ingawa sikuwa nimesema ninasafiri.

Nawasihi, hasa ninyi mlio shuleni. Ukikabidhiwa siri, jiulize inamlinda nani kabla hujafungua mdomo wako au kalamu yako. Na siku ukiulizwa mbele za watu, mtazame kwanza yule aliyesimama mlangoni.

Mimi nilitazama maksi.