Landrova Kutoka Pwani

Mwijage alikuwa amelala chali chini ya gari. Mkono mmoja ulishika kopo la pati, mwingine ulishika kisu kikuukuu cha jikoni. Alichota pati, akaisindilia kwenye tundu la chuma, akailainisha kwa kidole gumba. Tundu likazibika. Akajivuta kidogo kwa mgongo, akaanza jingine.

Pati ni ule uji mzito ambao mafundi huzibia mabonde ya bodi ya gari. Ikikauka huwa ngumu. Ikipakwa rangi, jicho haliioni. Lakini pati si chuma. Haibebi mzigo. Mwijage alilijua hilo.

Gari lenyewe lilikuwa Landrova fupi ya kijani, ya mwaka 1967. Lilikaa bandani kando ya nyumba yake, huko Izigo, wilaya ya Muleba. Mabati ya banda yalikuwa mapya kuliko mabati ya nyumba.

"Baba Edvina!" Mkewe, Immakulata, aliita kutoka kibanjani, kati ya migomba. "Bado uko chini ya mgeni wako?"

"Namalizia rangi."

"Rangi tena? Gari hili linakunywa rangi kama mlevi anavyokunywa rubisi. Na ile spea ya Kampala imefika wapi?"

"Iko njiani."

"Miezi miwili iko njiani. Inakuja kwa miguu?"

Mwijage alichota pati nyingine. Hakukuwa na spea yoyote ya Kampala. Aliitunga mwenyewe ili watu wasiulize kwa nini gari halitoki bandani.

Alipokuwa mtoto, bwana shamba wa kahawa alikuwa akija kijijini kwa Landrova kama hii. Watoto waliikimbilia mpaka barabarani. Mwijage alijiapiza kwamba siku moja atakuwa na yake. Miaka ikapita. Mwaka huu kahawa na vanila vilimpa pesa nzuri. Immakulata aliomba tangi la maji. Mwijage akasema tangi litafuata, kwanza gari.

Aliliona kwenye simu. Muuzaji alikuwa Tanga, akajiita Kagaruki. Alituma picha tisa, na zote zilipendeza. Walipozungumza, yule mtu alimjibu kwa Kihaya safi. Baada ya dakika chache wakagundua kwamba ni watu wa ukoo mmoja, wenye muziro mmoja. Yaani kuna mnyama ambaye ukoo wao wote haumli.

Kwa Wahaya, mtu wa ukoo wako ni ndugu yako hata kama hamjawahi kuonana. Mwijage aliona haya kumuuliza ndugu maswali mengi. Aliona haya zaidi kumtuma mtu akakague gari la ndugu. Akatuma pesa zote kwa mara moja.

Gari lililetwa juu ya lori. Siku hiyo Mwijage alikata nyasi mbichi, akazitandaza uani kama mtu anayepokea wageni wa heshima. Majirani walitafuna buni za kahawa kama desturi ya Wahaya, wakapiga makofi. Kesho yake aliingia chini ya gari kutazama kama oili inavuja. Aligusa chasisi, na kidole kikazama ndani ya chuma kama kinavyozama kwenye ndizi iliyoiva.

Alimpigia Kagaruki. Simu haikupatikana siku hiyo, wala kesho yake, wala wiki iliyofuata.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba alitandaza nyasi kwa ajili ya kutu?

Halafu Rutaihwa akapiga simu. Rutaihwa alikuwa mkulima wa Kaagya, rafiki yake tangu walipopokea komunio ya kwanza pamoja. Alitafuta gari la kubebea ndizi. Mwijage akamwambia kwamba Landrova inauzwa.

"Nakuja Jumamosi," Rutaihwa alisema. "Kwako sina haja ya kuangalia chini. Wewe ni ndugu yangu."

Maneno hayo yalimkaa Mwijage kooni kama mwiba wa samaki. Lakini alikwenda dukani, akanunua pati na rangi nyeusi. Leo ilikuwa Ijumaa.

"Hodi, Ta Mwijage!"

Aligeuza kichwa. Aliona buti mbili zenye madoa ya oili. Alikuwa Alistidia, binti wa jirani yao, anayemwita Ta kwa heshima ya Kihaya. Alijifunza ufundi Bukoba mjini, na sasa alikuwa na gereji yake Muleba.

"Nani amekuita?" Mwijage aliuliza.

"Nimemwita mimi," Immakulata alisema, akitoka kwenye migomba na panga lake. "Hiyo spea ikichoka kutembea ikafika, si lazima awepo wa kuifunga? Mwonyeshe gari. Mimi nawatafutia kahawa."

Akaingia ndani. Alistidia akapiga magoti, akainama. Akanusa rangi mbichi. Aliliona kopo, akakiona kisu. Alifungua sanduku lake la vifaa, akatoa sumaku ndogo.

"Tazama, Ta," alisema taratibu. Aliibandika sumaku kwenye mlango wa gari. Ikaanguka. "Bodi ya Landrova ya zamani ni alumini, kama sufuria ya mama. Haishiki kutu. Ndiyo maana picha zake hupendeza siku zote. Ugonjwa wake uko huku chini, kwenye chasisi. Chasisi ni chuma. Hii ndiyo mifupa ya gari."

Aliingia chini, akalala kando yake. Akaweka sumaku kwenye chasisi. Ikanata. Akaisogeza mahali penye rangi mpya. Sumaku ikaachia, ikaanguka juu ya kifua cha Mwijage.

Mwijage alifumba macho. Alitamani ardhi immeze, lakini tayari alikuwa amelala juu yake.

"Gari hili liliishi karibu na bahari?" Alistidia aliuliza kwa sauti ndogo.

"Alisema akiwa kitandani anasikia mawimbi."

"Basi. Chumvi ya bahari hula chuma miaka na miaka, kimya kimya. Katika zile picha, ngapi zilipigwa kutoka chini?"

"Hata moja."

"Hukutafuta fundi wa huko huko Tanga akakuangalizie? Ungemlipa mwenyewe. Fundi anayelipwa na muuzaji husema ya muuzaji."

"Ningemtumaje fundi kwa ndugu yangu, mwanangu? Ni mtu wa ukoo wetu."

Alistidia alifikiri. "Siku ile mlipozungumza, nani alitaja ukoo kwanza? Wewe au yeye?"

Mwijage alikumbuka. Aliisikia tena sauti ya yule mtu: Waitu, ndugu yetu! Hata mimi!

"Mimi," alisema.

Walitoka chini ya gari. Alistidia aliomba kadi ya gari. Kisha alisugua chuma cha mbele kwa brashi ya waya mpaka namba iliyogongwa pale ikaonekana. Akaisoma polepole, tarakimu kwa tarakimu, huku Mwijage akifuatisha kwenye kadi kwa kidole. Tarakimu tatu za mwisho hazikulingana.

"Kadi hii ni ya gari jingine," Alistidia alisema. "Na pesa ulituma kwa jina la nani?"

"Alisema ni namba ya mke wake."

"Na jina lililo kwenye kadi?"

"Si lake. Wala la mke wake."

"Mlikuwa na mkataba? Mashahidi?"

Mwijage alitikisa kichwa.

"Kabla ya kutoa hata shilingi moja, ungemwomba akupigie picha ya kadi na ya namba ya kwenye chuma. Ungekwenda ofisi ya mapato kuuliza mwenye gari ni nani. Muuzaji wa kweli hakasiriki ukimwuliza. Akikasirika, amekujibu." Alistidia alifuta mikono. "Nisamehe, Ta. Nasema sana. Unalipaka rangi kwa ajili ya nani?"

"Kuna mtu anakuja kesho."

"Analitaka la kazi gani?"

"Ndizi."

Alistidia aliitazama chasisi. "Unajua wanavyopakia ndizi. Zinajaa mpaka juu, na watu wanakaa juu ya ndizi. Likivunjika katikati kwenye mteremko..."

Pikipiki iliunguruma njiani. Ikaingia uani. Rutaihwa alishuka akicheka, kofia ngumu ingali kichwani.

"Nimeshindwa kungoja kesho!" alisema. "Lo, linang'aa! Mke wangu Evelyne amekwisha chagua pa kukaa. Anasema atakaa mbele kama mke wa mbunge."

Immakulata alitoka na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. "Karibu, Ta Rutaihwa. Karibu, waitu."

Wote wanne walikuwa pale. Mwijage alimtazama mkewe. Akamtazama Rutaihwa, ambaye alikuwa akilipapasa boneti. Alistidia alikuwa anarudisha vifaa sandukuni, mmoja mmoja, bila kumtazama mtu. Mwijage alielewa kwamba binti huyo hatasema. Alimwachia aseme mwenyewe.

Mwijage alikiokota kisu, akainama kwenye chasisi, akaikwangua pati. Ilidondoka bado laini. Tundu likafunguka mbele ya watu.

"Usilinunue," alisema. "Limeoza. Mimi niliibiwa, nikaficha. Hakuna spea ya Kampala. Kadi nayo si yake. Nilikuwa naziba ili usione."

Kuku mmoja alipita katikati yao. Rutaihwa alivua kofia.

"Kesho ungeniuzia?"

"Ndiyo."

"Na Evelyne akae mbele?"

Mwijage alitaka kusema hapana. "Ndiyo," alisema.

Rutaihwa alirudisha kofia kichwani. Immakulata alimnyooshea kikapu. Hakukigusa. Kukataa kahawa uani kwa Mhaya si jambo dogo. Alipanda pikipiki, akaondoka.

Alistidia naye aliaga. Immakulata alikaa juu ya gogo, kikapu mapajani.

"Nilijua kuna kitu," alisema. "Mume wangu haongei na kuta za banda bure. Ungeniambia siku ile ile, tungelia wawili."

"Niliona aibu. Ulitaka tangi."

"Nalitaka mpaka leo. Lakini mficha uchi hazai, Baba Edvina. Jumatatu tunakwenda polisi. Na Jumapili utawaambia watu wa jumuiya, kwa mdomo wako."

"Watanicheka."

"Watacheka. Halafu watachoka."

Jumapili walicheka kweli. Kijana mmoja aliuliza kutu ina muziro gani. Mwijage aliinamisha kichwa, akaendelea kueleza. Alieleza habari ya picha, ya kadi na ya jina lililopokea pesa. Baada ya sala, mzee Kaijage alimvuta kando. Alikuwa amepata gari, Pijo ya zamani, kwa mtu wa Dodoma, na kesho yake angetuma malipo ya kwanza.

"Umeona picha za chini?" Mwijage aliuliza.

"Sijaona."

"Mwombe. Na umwombe namba ya kwenye chuma."

Kaijage aliomba. Muuzaji akamtukana na kukata simu. Kaijage alikuja Izigo na mkungu wa ndizi begani, akauweka mlangoni bila maneno mengi.

Polisi waliandika maelezo yote. Walichukua kadi, karatasi za kutuma pesa na meseji. Hawakuahidi kwamba pesa zitarudi, na mpaka leo hazijarudi. Walilikagua gari na kuuliza kila mahali kama kuna aliyeibiwa gari hilo. Hakupatikana. Baada ya wiki nyingi walimpa Mwijage barua: anaweza kuuza vipuri, lakini gari lisiingie barabarani.

Rutaihwa hakupiga simu wakati huo wote. Siku moja akapiga.

"Nipe namba ya yule fundi," alisema. "Nina gari nataka kuliona Bukoba." Hakuuliza habari za nyumbani.

Alistidia alikwenda naye. Gari la kwanza lilikuwa na pati. La pili halikuwa na pati, lakini mwenye kadi alikuwa amekufa na watoto wake walikuwa wakiligombania. Wakaliacha. La tatu lilikuwa pikapu ndogo, mbaya kwa sura, nzima kwa mifupa. Walikwenda kwanza ofisi ya mapato. Wakaandikiana mkataba mbele ya mashahidi. Ndipo Rutaihwa alipolipa.

Sasa pikapu hiyo ilikuwa imesimama uani kwa Mwijage. Fundi seremala mmoja wa Izimbya, mwenye Landrova kama ile, alikuwa amekuja kuiona injini, akaisikiliza ikiunguruma, akakubali kuinunua. Rutaihwa alijitolea kuibeba. Alisema kwamba anapita njia hiyo, ingawa hakuna mtu wa Kaagya anayepita Izigo akienda Izimbya.

Tangu asubuhi walikuwa wanafungua. Vipuri vilipangwa juu ya turubai. Mwijage alishika chaki. Kwenye giaboksi aliandika kwa herufi kubwa: GIA YA TATU INARUKA. Kwenye mlango: KITASA KIBOVU. Kwenye redieta: INAVUJA KIDOGO.

"Na wewe mwenyewe tukuandike nini?" Immakulata aliuliza.

"Mwandike: anahitaji fundi," Rutaihwa alisema kutoka chini ya gari. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa kumtania.

Mwijage alicheka, lakini aliinamia chaki yake. Aibu ilikuwa bado ipo. Iliketi pale pamoja nao, kama mtu wa nne.

Injini ilishikiliwa na boliti nne. Tatu zilikwisha toka. Ya nne ilikuwa imeshikana na kutu. Rutaihwa alikaza spana mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Boliti haikusogea. Wakampigia Alistidia.

"Msiilazimishe, itakatika," alisema. "Imwagieni dizeli, iacheni inywe mpaka kesho."

Mwijage aliimwagia. Jua lilikuwa limeinama nyuma ya migomba. Rutaihwa alitambaa kutoka chini ya gari, akajikung'uta magoti, akaacha sanduku lake la spana palepale chini, wazi.

"Unasahau vifaa vyako," Mwijage alimwambia.

"Sijasahau," Rutaihwa alisema. "Kesho nitafika mapema. Uwe umeamka."